Sentimetre Makumi Saba na Tano

Kawale, Lilongwe
6 Februari 2011

Baba mdogo Théophile,

Nakusalimu wewe na mama Louise, na jirani wote wanaouliza habari zangu bila kutaka jibu refu. Barua hii anaileta Narcisse, yule muuza vitenge, pamoja na kifurushi. Usikifungue kabla hujafika mwisho, nakujua.

Nimepata kiti! Krismasi nilikwambia kwamba kwenye ofisi ya yule mchora majumba mimi ni wa chai na kufagia. Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita Bwana Chipungu alisimama nyuma ya Hubert, mchoraji wake wa kompyuta, wanabishana kuhusu ngazi ambayo haikutaka kufika ghorofani. Nikaweka vikombe mezani, nikasema, samahani bwana, ngazi hiyo imekosa kidato kimoja. Wakanitazama kama kikombe kimesema. Wakahesabu. Kilikosekana kidato kimoja.

Bwana akauliza nani alinifundisha. Nikasema, baba yangu mdogo, dessinateur wa Bukavu, mchora ramani za nyumba, sasa yuko kambini Dzaleka. Sasa nina kiti, nina kompyuta, na chai anachemsha mwingine.

Hapa hakuna penseli, baba mdogo. Hakuna karatasi ya kalki wala wembe wa kukwangua wino. Hubert akikosea anabonyeza tu na kosa linakufa bila kuacha alama. Mwanzoni nilitaka kulia. Sasa nimezoea, na hilo nalo linaniuma kidogo.

Sababu ya barua ni hii. Shirika moja linataka kujenga nyumba arobaini hapo Dzaleka, upande wa chini kule, na mchoro umepewa ofisi yetu. Viwanja vilishagawanywa zamani bila ramani. Bwana alitaka kuchukua vipimo kutoka kwenye picha inayopigwa toka angani. Mimi, mdomo wangu unaujua, nikasema picha haioni watu wanapokaa, na kwamba yuko mzee anayepima kwa miguu na hakosei. Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka, akasema sawa: vipimo vya mzee wako vikiwa vizuri, jina lako litaandikwa kwenye pembe ya karatasi chini ya langu, na nitakuandikia barua ya chuo kule Blantyre, ukasomee ujenzi kama watu.

Unaelewa? Chuo. Mimi, mkimbizi wa kuchemsha chai.

Kwa hiyo nakuuliza: hatua yako bado ni ile ile? Ndani ya kifurushi kuna mètre ya chuma ya kupimia, ile inayojikunja, ukiihitaji.

Mtoto wako,
Arlette


Dzaleka, le 19 février 2011

Arlette mwanangu,

Kifurushi nilifungua kwanza, usinipotezee wakati.

Barua nilisoma mara tatu, na Louise akanilazimisha mara ya ine kwa sauti, juu alitaka kusikia tena ile ya ngazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kidato moja! Baba yako angekuwa muzima, marehemu kaka yangu, angechinja mbuzi. Unakumbuka nilikufundisha ngazi na nini? Na makartoni ya mafuta ya ration, juu ya magoti, wewe na miaka kumi na moja, unalia unasema unataka kwenda kucheza. Leo nani anacheka?

Unauliza hatua. We mutoto, we! Mu 1978, ku Bukavu, chef wangu wa kazi alilaza mètre mu barabara, metre mia moja, akaniambia tembea. Nilitembea mara makumi mbili, mvua inanyesha. Alisema mètre inaweza kuibiwa, lakini mutu anabeba miguu yake kila fasi anaenda. Toka siku ile hatua yangu iko sentimetre makumi saba na tano. Nilipima nayo makanisa, manyumba ya masomo, maduka ya Bahindi. Hata wakati tulikimbia nilikuwa nahesabu, mpaka Louise akaniambia Théo, hesabu mu roho, batoto banaogopa.

Jibu: ni ile ile.

Mètre yako ni nzuri, lakini nimeiweka mu sanduku. Hapa mutu akionekana na mètre, bantu banatoka mu manyumba: banatuhamisha! Banakuja kubomoa! Mwaka uliopita mutu wa shirika alipima choo moja tu, bamama bakalia mpaka magaribi. Lakini muzee anatembea polepole, mikono mugongoni, nani atamuuliza kitu?

Sasa sikia kitu moja nakuomba, na sikuombi kingine: barza. Banasema hapa khonde, mi nasema barza, ni kitu moja, ile fasi ya kukaa mbele ya mulango. Hubert wako atasema inakula fasi. Mwambie nyumba bila barza ni sanduku. Ku barza njo unapokea mugeni mwenye humujue bado. Ku barza njo mama anachambua maharagi na kusalimia. Ku barza njo muzee anakaa akingojea bantu bamukumbuke. Hatua mbili tu, metre moja na nusu. Usikubali bakate.

Louise anasalimu. Anasema nisitembee sana. Unamujua, yeye hata kuku akipita anamuambia apumuzike.

Baba yako mudogo,
Théophile Lwaboshi


Dzaleka, le 27 mars 2011

Arlette,

Natuma karatasi saba. Viwanja makumi ine, kila moja na numéro yake. Vyote ni sawasawa, aliyevigawanya alikuwa mutu wa kamba moja. Mbele ni hatua kumi, metre saba na nusu. Kwenda nyuma ni hatua kumi na sita, metre kumi na mbili. Alama za msalaba ni fasi bantu banakaa mchana: angalia, zote ziko mbele, hakuna hata moja nyuma. Ile picha ya angani haikuambii hivyo.

Nilichukua juma tano, juu ya mvua. Udongo unateleza.

Usiwe na wasiwasi. Kwa metre kumi na mbili za kwenda nyuma, barza inaingia na inabaki fasi ya maua.

Théophile


Kawale, 8 Mei 2011

Baba mdogo,

Zikomo kwambiri! Nakushukuru kwa lugha ya wenye nchi, maana ndiyo bwana alivyosema alipoona karatasi zako. Alizishika kwa ncha za vidole. Alisema tangu aache shule hajaona mwandiko wa herufi kama ule, akaita ofisi nzima ije itazame. Hubert alipiga picha kwa simu yake.

Mchoro umekwisha. Nyumba ina vyumba viwili, salon ya kukaa, na barza ya meta moja na nusu upande wote wa mbele, yenye ukuta mfupi wa kukalia. Nilipigana kwa ajili ya ule ukuta siku mbili. Na kwenye pembe ya chini kulia, chini ya jina la bwana, imeandikwa A. Lwaboshi. Nimeitazama ile pembe mara nyingi kuliko nyumba yenyewe.

Barua ya chuo bwana ameshaianza. Ataitia sahihi vigingi vikishapigwa chini.

Kuna jambo dogo Hubert alilisema kuhusu ile picha ya angani, lakini si la kukuandikia. Wewe pumzika. Mvua imekwisha, tembea kwa raha sasa.

Arlette


Kawale, 11 Septemba 2011

Baba mdogo,

Jumanne tulikuja Dzaleka, bwana, mafundi na mimi, na mètre. Sikukuona; nasikia hukutoka nje siku hiyo.

Viwanja vina meta sita mbele. Sita, si saba na nusu. Kwenda nyuma ni tisa na sentimita sitini. Walipima vitatu, halafu kumi, halafu vyote. Watu wakatoka wakilia, kama ulivyosema. Shirika lina tarehe zake, halingoji. Mafundi wakaisogeza nyumba nyuma kwenye karatasi, wakavibana vyumba, bado haikuingia. Wakakata barza. Nyumba zote arobaini. Bwana aliikata kwa kalamu nyekundu, mchoro ukiwa juu ya boneti ya gari, mbele yangu.

Jina langu limetoka kwenye pembe. Barua ya chuo hakuichana, ni mstaarabu. Aliiweka kwenye droo. Alisema tu, Arlette, siku nyingine tutumie picha.

Ofisi nzima sasa inasema hivyo kwa utani kila mtu akikosea hesabu hata ya sukari: tutumie picha.

Baba mdogo, kila kipimo kimezidi kwa uwiano ule ule, sentimita kumi na tano kila hatua. Mtu aliyesahau hesabu hakosei hivyo. Nini kilitokea?

Arlette


Dzaleka, tarehe 4 Desemba 2011

Arlette,

Ni mimi mama yako Louise. Yeye ameanza kukujibu mara sita na mara sita amepasua, na karatasi si ya kuchezea. Leo ameenda misa, nakuandikia mimi.

Mguu wake wa kushoto ulikufa nusu mu Novemba 2009. Alianguka ku robinet ya maji na bidon mukononi. Ku dispensaire walisema ni kitu cha mu kichwa, damu, ashukuru Mungu anaongea. Akanikataza nisikwambie. Nikasema sawa, mpaka apate nguvu. Nguvu haikurudi. Anatembea, lakini anavuta mguu, na hatua imekuwa fupi. Mi naona, jirani banaona, batoto banamuigiza mu njia. Yeye peke yake njo alikuwa bado anahesabu makumi saba na tano.

Zile juma tano si mvua. Alikuwa anapima viwanja vine, anarudi, analala siku mbili na mguu umevimba. Nilimwambia Théo, toa ile mètre mu sanduku, nitashika mwisho wa pili, bantu balie tu, watanyamaza. Akakasirika mpaka hakukula. Akasema mimi ni mètre.

Sasa toka mafundi baanze, anakaa ndani. Hapiti tena upande wa chini. Akisikia nyundo anaongeza radio.

Mi nimekosa pia, nilifunga mdomo. Kama unataka kukasirika, gawa mara mbili, nipe yangu.

Mama Louise


Kawale, 15 Januari 2012

Mama Louise, na wewe baba mdogo, maana najua atakusomea,

Msigawe mara mbili. Gaweni mara tatu.

Lile jambo dogo la Hubert ambalo sikuwaandikia ni hili. Mwezi wa nne aliiweka picha ya angani juu ya ramani yetu, kwenye kompyuta. Kwenye picha kila kiwanja kilikuwa na meta sita na kitu. Akaniambia kwa upole, Arlette, muulize mzee kabla bwana hajaona. Nikamjibu kwamba majani ya miti yanaidanganya picha. Lakini pale pale nilijua. Krismasi nilikuona ukishuka kwenye kabaza, ukalishika bega la mwenye baiskeli kwa muda mrefu mno. Nilijua ni mguu.

Ningekuuliza kwa mstari mmoja. Nilianza kuuandika. Nikaona kwamba kukuuliza mguu ni kama kukuuliza kama wewe bado ni dessinateur, na mkono ukakataa. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Iko na mbaya: jina langu lilikuwa tayari kwenye pembe, na sikutaka kulitoa mimi mwenyewe.

Wewe ulidanganya kwa mguu, mimi kwa macho. Tukaikata barza pamoja.

Bwana hajanifukuza. Ameniweka kusahihisha maandishi ya Hubert. Nitakuja Pasaka, kama mtanipokea.

Niandikie, baba mdogo. Hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Arlette


Mchesi, Lilongwe
3 Oktoba 2016

Baba mdogo,

Mwaka wa tano huu hujaniandikia. Nikija Pasaka unanipa mkono, unaniuliza habari ya mvua, unakwenda kulala. Nikipiga simu mama Louise anaongea na wewe unakohoa nyuma yake, ili nijue upo. Basi, naandika mimi. Narcisse amezeeka lakini bado anabeba.

Nimehamia Mchesi. Bwana Chipungu alifunga ofisi mwaka juzi, kazi ziliisha. Hubert sasa anatengeneza simu sokoni. Nilikuwa nikidhani kompyuta ndiyo ilikuja kutunyang'anya penseli, kumbe yenyewe ilikuwa njiani kwenda kumtafuta Hubert. Mimi niko kwenye duka la fotokopi. Mtu anakuja na nyumba kwenye simu yake, ameivuta toka mtandaoni, nyumba ya nchi yenye theluji, paa limeinama kama la kanisa. Ananiambia, nitolee hii, ongeza chumba kimoja. Naongeza chumba kimoja. Hakuna anayeuliza jua linatoka wapi. Anachagua nyumba kama anavyochagua kitambaa, na fundi anashona.

Chuo usiniulize. Nina miaka thelathini na mbili, na ile barua ilibaki kwenye droo, na droo iliuzwa pamoja na meza. Kuna siku naamka na hasira na wewe, kuna siku na hasira na mimi, na siku nyingi nachoka tu. Ningekuwa mchora majumba, baba mdogo. Kweli ningekuwa. Naliandika ili lisikae tumboni.

Sasa nisikie. Juma lililopita alikuja Salima, mama aliyetoka Kindu, kwetu Kongo, anayeuza mchele hapa sokoni. Amepata kiwanja kwa jina la mume wake, Mmalawi. Anamjengea mama yake mzazi, ambaye upande mmoja wa mwili umekufa nusu, kama wako. Amevuta ramani kumi na mbili mtandaoni, akazitandaza kaunta nzima, akaniuliza, dada Arlette, hapa mama yangu atafikaje chooni? Tukaangalia zote. Hakufika. Ramani zote zina mtu mwenye miguu mizima ndani yake. Niliiuliza kompyuta: inajua upana wa gari, inajua urefu wa kitanda. Mtu wake anatembea kama askari.

Nikamwambia Salima, ziache, nitakuchorea mwenyewe. Kwa penseli, nyuma ya mabango ya duka. Mama hatachukua hatua nyingi kuliko anazoweza, na mahali anapochoka patakuwa na ukuta mfupi wa kukalia. Na mbele kuna barza.

Lakini nahitaji kipimo ambacho hakimo kwenye kitabu chochote, na ninamjua mtu mmoja tu anayeweza kunipa. Kwa hiyo nauandika ule mstari ambao ningeuandika mwaka 2011, na unisamehe kwa kuuchelewesha:

Baba mdogo, hatua yako ni sentimita ngapi?

Arlette


Dzaleka, le 30 octobre 2016

Arlette mwanangu,

Mwandiko umeharibika, soma polepole.

Ungeniuliza ile mwaka, ningekudanganya tena. Usijitese na mstari wako. Mi njo nilikuwa na mètre mu sanduku, mpya, ya chuma, imetoka ku mukono wako, na sikuitoa, juu niliogopa kujua. Mutu wa miaka makumi tano na saba anaogopa namba. Nikauza chuo chako juu ya kiburi ya mguu moja. Nilitaka kukuandikia hiyo kila mwaka. Kila mwaka nilikuwa naanza na salamu, alafu nashindwa.

Zile nyumba zipo. Nilienda kuziona mara moja, mwaka wa tatu, Louise alinishika mukono. Bantu banakaa mu njia, mbele ya mulango, ku jua, juu ya mabidon. Mama moja alinisalimia, akasema muzee karibu, alafu akaangalia huku na huku, hakuna fasi ya kunikaribisha. Nilisema asante, napita tu. Toka siku ile sijaenda tena.

Barua yako Louise alisoma kwa sauti. Ku ile ya droo aliacha kusoma, alafu akaanza tena. Ku ile ya hatua, mi nilimwambia: leta mètre.

Ilikuwa na kutu kidogo, lakini inafunguka. Tulitoka nje saa ine asubui, mbele ya bantu bote. Louise ku mwisho moja, mi natembea, Narcisse anaandika. Andika na wewe:

Hatua yangu: sentimetre makumi tatu na nane. Asubui. Mchana inashuka, makumi tatu na mbili. Magaribi usinihesabu.

Toka kitanda mpaka mulango: hatua kumi na moja.

Toka mulango mpaka choo: hatua makumi tisa na ine. Napumuzika mara mbili, ya kwanza ku hatua makumi ine, ya pili ku makumi saba na tano. Weka zile kuta zako fupi pale. Usiziweke mbele zaidi, juu mutu anaona haya kukaa wakati amefika karibu.

Kidato cha ngazi: sentimetre kumi, zaidi napanda na mikono. Mwambie Salima asiweke kidato hata moja.

Hivi vyote tulipima mara mbili. Safari hii ni kweli.

Bantu balitoka mu manyumba, kama kawaida. Bakaona mètre, bakaanza: banatuhamisha? Banakuja kubomoa? Louise akasimama na ile mètre mukononi, akabaambia, hapana, hakuna kinachobomolewa. Tunapima muzee tu.

Baba yako mudogo,
Théophile